Ardhi ya Kijiji Haigawiwi Gizani



Yanazagaa maneno wilayani Kilosa, kuanzia Rudewa hadi Mikumi, kwamba wanakijiji hawawezi kujiletea maendeleo; kwamba wajibu wao ni kumngoja mgeni mwenye fedha, kumkabidhi ardhi na kushukuru. Maneno hayo ni ya uongo, nasi tunayakataa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatamka kwamba Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18: mwanamke sawa na mwanamume, Mkaguru, Msagara na Mvidunda sawa na Mmasai. Mhuri uliogongwa sebuleni kwa mtu si idhini. Hata Nabothi aliangamizwa kwa barua zilizotiwa mhuri.

Uwezo umekwisha kuonekana. Vijiji kadhaa vya wilaya hii, Ihombwa na Ulaya Mbuyuni vikiwamo, vilianza kuvuna mkaa kwa mpango katika misitu viliyoihifadhi vyenyewe: sehemu ndogo kwa zamu, visiki vikiachwa vichipue. Ushuru uliingia katika mfuko wa kijiji, ukagharimia huduma za jamii. Mashirika ya TFCG na MJUMITA yalitoa utaalamu, hayakutwaa msitu. Huo ndio msaada. Papa Pius XI alifundisha hivyo mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno: lile ambalo jumuiya ndogo inaliweza, iliyo kubwa isiipokonye. Ndiyo kanuni ya auni.

Wapo wasemao kwamba wananchi wakiachiwa madaraka watapigana. Ni kweli, Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Lakini je, amani italetwa na amri itokayo mbali? Mpaka wa malisho na mashamba hudumu pale tu mkulima na mfugaji wanapouweka pamoja. Basi anayemfungia mfugaji nje ya mkutano anapanda vita.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Mkutano Mkuu hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Usipoitishwa, udaini. Ukiitishwa, hudhurieni, ombeni kusomewa mapato na matumizi, na kila hekari iliyoombwa itajwe hadharani pamoja na jina la mwombaji. Asiyekuwapo na lake halipo.