Isiyo Rasmi kwa Nani? Vitabu vya Uchumi na Falsafa Mbele ya Mhakiki wa Kiswahili

Makala haya yana ugomvi na pande mbili. Upande wa kwanza ni wa wanazuoni wa uchumi, falsafa na sera za umma, ambao kwa zaidi ya nusu karne wameandika juu ya wakazi wa mitaa kama Riruta, Kawangware na Kibera kwa lugha ambayo wengi wa wakazi hao hawaisomi kwa raha. Upande wa pili, na ndio ninaoulaumu zaidi, ni sisi wenyewe, walimu na wanafunzi wa idara za Kiswahili, tulioridhia mgawanyo wa kazi usio na msingi: Kiingereza kifikiri, Kiswahili kiimbe.

Tuanze na istilahi moja. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilichapisha ripoti juu ya Kenya iitwayo Employment, Incomes and Equality, iliyotokana na ujumbe ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Dhana ya "sekta isiyo rasmi", ambayo Keith Hart alikuwa ameijadili punde kabla ya hapo kwa mfano wa Accra, ilienea duniani kwa kupitia ripoti hiyo. Sekta yenyewe ilibainishwa kwa sifa saba: wepesi wa kuingia, kutegemea mali ya humu nchini, umilikaji wa kifamilia, udogo wa shughuli, utendaji unaotumia mikono mingi kuliko mitambo, ujuzi uliopatikana nje ya shule, na soko la ushindani lisilodhibitiwa. Kwa haki, ripoti hiyo iliishauri serikali iache kuwahangaisha watu hao. Lakini orodha yake imerithiwa na vitabu vingi vilivyofuata kama vile mtu arithivyo samani: bila kuuliza aliyeichonga alikuwa amekaa wapi.

Swali hilo nililiulizwa mimi. Nilikuwa na nakala ya sura hiyo kwapani nilipokwenda kuchukua dirisha kwa mchomeleaji mmoja kando ya Barabara ya Naivasha, Riruta. "Mwalimu, hicho kitabu kinasema nini juu yetu?" Nikamfasiria sifa zile saba papo hapo, kwa Kiswahili cha kubahatisha. Nilipofika kwenye "lisilodhibitiwa" alicheka, akafungua kisanduku cha vifaa, akatoa kibali chake na risiti zilizofungwa kwa mpira. "Isiyo rasmi kwa nani, mwalimu? Kanjo wananijua kwa jina."

Naona hapo palifanyika uhakiki bora kuliko tasnifu kadhaa nilizopata kuzisahihisha. Kwa Kiingereza istilahi ile ilikuwa imetulia, haina anayeisemea wala anayeisikia. Ilipoingia katika Kiswahili ililazimika kumtaja mtu, na ilipomtaja ikapata mpinzani. Mhakiki wa riwaya huuliza tangu ukurasa wa kwanza: nani anasimulia, amesimama wapi, anamsimulia nani? Kwa nini maswali haya yaishie mlangoni pa idara ya uchumi?

Nao wanauchumi hawakuiacha lugha yetu kabisa, wameikopa. Kenneth King alichapisha The African Artisan mwaka 1977, na kitabu chake cha 1996 akakiita Jua Kali Kenya. Hata waraka wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo ndogo ulibeba maneno "Jua Kali" katika anwani yake. Mafundi ndio walioifinyanga sitiari hiyo kwa kufanya kazi pasipo paa, nayo ikasafiri hadi kwenye majalada ya vitabu vya kigeni. Kiswahili kimekopesha neno, hakijalipwa kitabu.

Tazama pia fani ya chuku. Kwa miaka mingi vitabu na ripoti zilirudia kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ikahesabu 170,070. Hata tukikubali kwamba sensa nayo yaweza kukosea, pengo hilo si dogo. Mshairi akitia chuku kiasi hicho tungemwuliza dhima yake, mwanauchumi tumemnukuu. Wakazi wa Kibera, ambao wangeweza kuitilia shaka idadi hiyo mapema kuliko mtu yeyote, hawakuwa miongoni mwa wasomaji waliokusudiwa.

Katika falsafa hali ni ya kusikitisha zaidi, maana hapo nia ilikuwa njema. Henry Odera Oruka, aliyefariki mwaka 1995, alikwenda vijijini kuwahoji wazee wenye hekima ili kuthibitisha kwamba kufikiri kwa kina hakuhitaji shahada. Matokeo yake, Sage Philosophy ya mwaka 1990, ni kazi ninayoiheshimu. Ila wazee hao tunawasoma kwa Kiingereza. Vivyo hivyo Kai Kresse, katika Philosophising in Mombasa ya mwaka 2007, alimsoma Ahmad Nassir kama mwanafalsafa kwa sababu ya Utenzi wa Mtu ni Utu. Sisi tulikuwa na utenzi huo madarasani tangu zamani. Tulifanya nini nao? Tulihesabu mizani.

Nitajibiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi. Jibu hili limechosha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa hati ya sera za uchumi, na lilikuwa la Kiswahili. Kila mwaka Waziri wa Fedha wa Tanzania husoma bajeti bungeni kwa Kiswahili, akataja nakisi, pato la taifa na mfumuko wa bei, na hakuna anayezimia. Fanon naye alifasiriwa akawa Viumbe Waliolaaniwa. Nitajibiwa tena kwamba Riruta husemwa Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo na Sheng. Ni kweli, na wasemaji wa lugha hizo wakutanapo kwenye kituo cha matatu hawabadilishani salamu kwa lugha ya Shirika la Kazi Duniani.

Sababu halisi ni nyingine, nayo ni ya aibu kidogo. Makala ya Kiingereza hupandisha cheo. Tafsiri ya kitabu cha uchumi haihesabiwi kuwa utafiti na kamati nyingi zinazotupima, nasi tumekaa katika kamati hizo bila kufungua kinywa.

Juni 2024, wakati wa mabishano juu ya Mswada wa Fedha nchini Kenya, vijana waliufasiri mswada huo kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi, wakaueleza kwa video fupi za simu. Rais alikataa kuutia saini baada ya maandamano ya tarehe 25, ambamo watu waliuawa. Kiswahili kilikuwa lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba tangu mwaka 2010. Miaka 14 ya urasmi huo, na kazi ya kueleza kodi ya mkate ikaachiwa watu wenye simu na usingizi mchache. Idara zetu zilikuwa zikisahihisha mitihani.

Napendekeza jarida hili litenge kurasa, katika kila toleo, kwa tahakiki za vitabu vya uchumi, falsafa na sera, na kwamba mwanafunzi wa uzamili aruhusiwe kuwasilisha tafsiri yenye maelezo ya kina kama tasnifu. Atakayeona kwamba hiyo si fasihi aanze kwa kutueleza "sekta" ni sitiari ya nini.

Kurasa tatu za ile sura nilizifasiri upya, safari hii kwa utulivu, nikampelekea yule mchomeleaji. Alizirudisha baada ya wiki mbili zikiwa na alama za ile chaki anayopimia chuma. Alama moja ilikuwa kwenye "lisilodhibitiwa", kama nilivyotarajia. Ya pili aliiweka kwenye "wepesi wa kuingia", na pembeni akaandika bei ya mashine yake ya kuchomelea.