Maleba si Pambo: Hoja Kuhusu Msimamizi Asiyeonekana Jukwaani

Aghalabu wahakiki wa tamthilia huyataja maleba kwa sentensi moja, kisha wakayapa kisogo na kuandama ploti, wahusika na maudhui. Maleba huhesabiwa kuwa pambo, naye anayeyasimamia akachukuliwa kuwa mtunza nguo tu. Mtazamo huu ni finyu, na utanzu unaoudhihirisha ufinyu wake ni opera inayozungushwa mji hadi mji.

Tuitazame Falstaff, opera ya Giuseppe Verdi iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Milan mwaka wa 1893, na ambayo msingi wake mkuu ni The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare. Ford amekula njama ya kumwoza bintiye, Nannetta, kwa Daktari Caius. Njama hiyo hutanguliwa kwa nguo: Bardolfo huvikwa vazi la Malkia wa vibwengo na shela, Caius akaozwa mwanamume mwenzake, naye Nannetta akampata Fenton ampendaye. Liondolewe vazi hilo, na fundo la kisa halifunguki. Nani basi athubutuye kudai kwamba maleba yamo nje ya ploti?

Kazi ya msimamizi huanza pale mbunifu anapoachia. Yeye ndiye mwenye daftari la vipimo. Ndiye ajuaye kwamba vazi lisibane mbavu, kwani uimbaji hutegemea pumzi, na kofia isizibe masikio yanayosikiliza okestra. Falstaff ni mnene wa kupindukia. Mwimbaji mwembamba hushonewa tumbo la bandia, nalo sharti lienee katika tenga la nguo chafu anamofichwa. Safarini mambo huzidi. Kila vazi hutiwa jina la mvaaji, mishono huachiwa ziada ili ipanuliwe mwimbaji wa akiba aitwapo ghafla, na nguo isiyofulika hunyunyiziwa pombe kali kuua harufu ya jasho. Jukwaa jipya likirefusha njia ya kukimbilia kubadilisha nguo, muziki haumngoji mtu.

Wapo watakaosema kwamba opera ni sanaa ya ughaibuni isiyotuhusu. La hasha! Vikundi vinavyozuru shule za Kenya kuigiza tamthilia teule hukabiliwa na hali iyo hiyo: sanduku moja la nguo, waigizaji wachache wanaobeba wahusika wengi, na mwanafunzi anayemtambua mhusika kwa koti lake kabla hajatamka neno. Vazi likikosewa, tafsiri ya kitabu imekosewa, na mwanafunzi ndiye atakayelipia kosa hilo mtihanini.

Ni muhali kuendelea kufundisha tamthilia kana kwamba iliandikwa ili isomwe kimya. Idara za Kiswahili hazina budi kuwakabidhi wanafunzi usimamizi wa maleba na kuutathmini kwa alama kama zitathminivyo insha ya uhakiki. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kikundi kinachozuru hakichezi kwao. Anayekiwezesha kutunzwa ugenini ni yule aliyebaki nyuma ya pazia, sindano mkononi.