Reli ya Moshi Nayo Ifike Dodoma

MWANANCHI wa Moshi mwenye shida Dodoma, akitaka kwenda kwa reli, huanza safari kwa kuelekea pwani. Reli hupita Kahe, ikafuata milima ya Upare na Usambara hadi Korogwe, halafu ikashika njia ya Ruvu. Hapo ndipo inapokutana na Reli ya Kati.

Mzunguko huu tuliachiwa na wakoloni. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, ili mazao yafike bandarini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakajenga njia ya kutoka Voi, na kahawa ya Kilimanjaro ikapata mlango wa Mombasa. Safari za wananchi wenyewe kwa wenyewe hazikuwa hoja yao. Ni baada ya Uhuru, mwaka 1963, kipande cha Mnyusi hadi Ruvu kilipounganisha reli ya kaskazini na Reli ya Kati.

Kazi hiyo haijakwisha. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973, na mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kwenda huko kutoka Dar es Salaam. Treni ya abiria ya Moshi nayo ilirudi Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Abiria anayeshuka katika moja na kupanda nyingine asiachwe ahangaike.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, ratiba za treni hizo zipangwe kwa pamoja. Pili, abiria aweze kukata tiketi moja, Moshi hadi Dodoma. Tatu, magari ya Marangu, Machame na Kibosho yawepo stesheni treni inapofika, kwani reli iko tambarare na watu wengi wanaishi mlimani.

Wapo watakaosema basi la kupitia Babati na Kondoa lina njia fupi. Ni kweli. Lakini mzee asiyeweza kukaa kitako kutwa nzima, na mama mwenye watoto na mizigo, nao wana haki ya kuchagua.

Wakoloni walijenga reli ibebe mazao yetu. Sisi tuipange ibebe watu wetu.