Kiendeshi Kimoja, Maana Mbili

Malili, katika Kaunti ya Makueni, ndiko Rais Mwai Kibaki alikozindua ujenzi wa mji wa Konza mwaka 2013. Leo pana kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Ajabu ni kwamba baadhi ya Waswahili huita “kiendeshi” diski yenyewe na pia programu inayoiamuru. Hivi ni vitu viwili! Diski hutunza tu. Programu hufuata jedwali linaloonyesha kila sehemu ya diski inaanzia na kuishia wapi, kisha hupeleka amri mahali pake. Jedwali likiharibika, data ingalipo ila njia imepotea. Fundi akisema “kiendeshi kimeharibika”, mwanafunzi aelewe lipi? Diski, hata isiyozunguka, na ibaki “diski”. “Kiendeshi” iachiwe programu.