Tusiucheke Mukwa, Tuupunguze Mzigo

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi, kwa wale wasioujua, ni zile nyuzi laini zinazojazwa kwenye mito, na kanda lake hata mtoto mdogo hulibeba bila kutoa jasho. Methali hii inatusuta sisi sote ambao hutazama mzigo ulio kwenye mgongo wa mtu mwingine tukauona mwepesi.

Ndugu msomaji, mtu yeyote aliyewahi kupita katika soko letu la Karatina siku ya soko ameuona mzigo ninaousema. Viazi vinatoka Kieni, kabeji na karoti zinatoka huku na kule, na yote hayo hushuka kutoka kwenye lori na kupanda lori jingine kwa nguvu za mgongo wa binadamu. Wanaume hubeba gunia wakiwa wameinama. Akina mama wengi, hasa wale wa makamo na akina cucu, hutumia mukwa, yaani ule mkanda unaopita kwenye paji la uso na kuushika mzigo mgongoni. Kuna wazee wa kike ambao paji lao lina bonde kabisa, alama ya miaka ya kuni, maji na viazi.

Sisi vijana tumegawanyika mafungu mawili kuhusu jambo hili. Fungu la kwanza hucheka. Eti mukwa ni ushamba, eti ni mambo ya kale, mtu abebe begi kama watu! Fungu la pili husifu. Hawa ndio wale ambao wakiandika insha husema kuwa mama wa Mlima Kenya ana nguvu za ajabu na hachoki asilani. Maoni yangu ni kwamba mafungu yote mawili yamepotea njia. Anayecheka haujui mwili unavyofanya kazi, na anayesifu hajaupima mzigo.

Hebu tuanze na wanaocheka. Mwaka wa 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwemo Norman Heglund. Walichunguza wanawake wa hapa Kenya. Waluo hubeba mzigo juu ya kichwa, nao Wakikuyu hubeba mgongoni kwa mukwa. Wanawake hao walitembea juu ya mashine ya kukanyagia huku hewa ya oksijeni wanayoitumia ikipimwa. Ikaonekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Makurutu wa jeshi waliobeba mzigo wa kiasi hicho hicho kwa shanta walitumia nguvu zaidi kwa asilimia 13. Kumbe yule mama tunayemcheka anamshinda askari!

Mwaka wa 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu. Mtu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka kidogo kila hatua, mfano wa ule uzito unaoning'inia na kubembea kwenye saa ya ukutani ya zamani. Mwili ukishuka, nguvu ya kushuka husaidia kuusukuma mbele. Wengi wetu hupoteza sehemu ya nguvu hiyo katika kila hatua. Wanawake wale waliozoea kubeba, wakishatwikwa mzigo, hupoteza kidogo zaidi. Haya si ushamba. Ni ujuzi wa mwili uliojengwa tangu utotoni, na ndio maana zamani mama aliweza kutembea na mzigo mgongoni huku mikono yake ikisuka kiondo.

Sasa nawageukia wanaosifu, na hapa naomba tutumie hesabu. Mama mwenye uzito wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Hizo kilo 12 ndizo mwili wake unazibeba kama bure. Je, ni nani pale sokoni anayebeba kilo 12? Gunia la viazi lenye kilo 50 ni zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa mama huyo. Isitoshe, kutumia nguvu kidogo si sawa na kutoumia. Mwaka wa 2010 watafiti walichapisha uchunguzi kuhusu wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini wanaobeba kwa kichwa. Kwa jumla hawakuona ile nafuu iliyoonekana Kenya, na maumivu ya shingo yalikuwa malalamiko makubwa.

Ili tuelewe maumivu hayo yanatoka wapi, inafaa tuujue uti wa mgongo. Una pingili 33. Saba ni za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano zilizoungana katika nyonga na nne ndogo za kifandugu. Pingili za kiuno ni nene kwa sababu zimeumbwa zibebe uzito wa mwili wa juu. Zile za shingo ni ndogo, maana kazi yao ni kubeba kichwa na kukigeuza huku na huku. Mukwa una uzuri wake, kwani hulaza mzigo karibu kabisa na mgongo. Lakini uzito huvuta paji la uso kuelekea nyuma, na misuli ya shingo hulazimika kukaza ili kichwa kisipinduke. Kwa hivyo shingo hupewa kazi ya kiuno.

Yule mwanamume anayeliinua gunia kutoka chini naye ana shida yake. Walimu wa fizikia walitufunza habari za nyenzo na egemeo katika kidato cha pili. Mgongo nao ni nyenzo. Ukiinama na kushika mzigo wa kilo 20 ulio sentimita 40 mbele ya kiuno chako, misuli ya mgongo inayoupinga huvuta ikiwa kama sentimita tano tu kutoka kwenye egemeo. Zidisha 20 kwa 40 upate 800, kisha ugawanye kwa tano. Misuli inavuta kama vile inapigana na kilo 160, na hapo hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako mwenyewe. Ukiuvuta mzigo huo huo karibu na tumbo, sentimita 20, hesabu inakuwa kilo 80. Kwa kusogeza mzigo tu, nusu ya kazi imepungua. Baina ya pingili mna visahani vya gegedu ambavyo hukandamizwa na nguvu hizo kila siku, na mtu akiinama na kujipinda kwa pamoja ndipo hudhurika zaidi.

Maumivu ya kiuno si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa nayo, na hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu wengi zaidi kuishi na ulemavu.

Basi ni nani wa kutusaidia? Wengi watajibu kwa haraka kuwa ni daktari na tembe zake. Mimi nataka tumkumbuke mtu mwingine, yaani mtaalamu wa tiba ya kazi. Wataalamu hawa hufunzwa katika vyuo vya KMTC, na tangu mwaka wa 2014 wana sheria yao ya Bunge inayosimamia mafunzo na usajili wao. Watu hudhani kuwa kazi yao ni kukanda viungo, lakini sivyo. Mtaalamu huyu huuliza mtu hufanya nini kutoka asubuhi hadi jioni, kisha humsaidia kuyafanya hayo tena. Mtu aliyepooza upande mmoja, kwa mfano, hufunzwa kuvaa shati kwa kuanza na mkono uliolemaa, na wakati wa kuvua mkono huo huwa wa mwisho. Ni jambo dogo, lakini baba mzima anayevalishwa shati na watoto wake atakwambia ni kubwa kama nini.

Mtaalamu huyu hutazama mambo matatu: mtu, kazi yake na mahali anapoifanyia. Hapo ndipo penye hoja yangu. Sisi hutazama mtu peke yake. Mama akiumwa na mgongo tunasema amezeeka. Kijana akiumia tunasema hajui kubeba. Hatuulizi gunia lina kilo ngapi, wala kwa nini limewekwa chini matopeni.

Sheria zimejaribu, tusidanganyane. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 inataka mwajiri arekebishe kazi na zana zimfae mfanyakazi. Lakini mbebaji wa sokoni, mwajiri wake ni nani? Saa mbili anambebea huyu, saa tatu yule, na analipwa kwa gunia. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 nazo zilisema mfuko usizidi kilo 50, ili kuzuia yale magunia yaliyoongezwa kilemba juu ambayo watu huyaita mukorino. Ni kanuni nzuri, ila ilikuwa ikiutetea mfuko wa mkulima dhidi ya mabroka. Mgongo wa mbebaji ulifaidika kwa bahati tu. Zaidi ya hayo, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka wa 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55, na kwamba wanawake na vijana wabebe kiasi kilicho chini sana ya hapo. Kwa hivyo kilo 50 ni karibu na kikomo cha mwanamume mwenye afya yake. Si kipimo cha cucu, wala si kipimo chetu.

Najua kuna atakayeniuliza, "Wewe kijana, mama analipwa kwa gunia. Akibeba nusu si atapata nusu ya pesa? Watoto watakula nini?" Swali hili ni la haki na silikimbii. Riziki haina simile. Lakini na yeye nimuulize, mgongo ukivunjika watoto watakula nini? Ndiyo sababu simwambii mama apunguze mzigo peke yake. Hilo litakuwa kumwadhibu. Nasema wanaousimamia mzigo ndio waupunguze, na malipo yahesabiwe kwa kilo wala si kwa gunia.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, mazao yanayobebwa kwa mgongo yafungwe katika mifuko ya kilo 25, na gunia la kilo 50 libebwe na watu wawili au mkokoteni. Haba na haba hujaza kibaba, na lori litajaa vilevile. Pili, pajengwe majukwaa ya kimo cha kiuno pale magunia yanaposhushwa, ili mtu asiinue kitu kutoka chini. Mbao na misumari si gharama ya kuishinda serikali ya kaunti. Tatu, mtaalamu wa tiba ya kazi asingojee wagonjwa hospitalini. Aje sokoni hata siku moja kwa mwezi, awaone watu wakiwa kazini, na awasikilize pia, maana akina mama wale wanajua mambo ya kutembea na mzigo ambayo hata Profesa aliyajifunza kwao. Nne, chama chetu cha Kiswahili kiandike mabango ya kubandikwa sokoni: Mzigo karibu na tumbo. Magoti yakunjwe. Usijipinde.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Shule yetu ni ya kutwa, na sote tunawajua wenzetu ambao Jumamosi na wakati wa likizo hubeba magunia ili wapate karo. Siwacheki, nawaheshimu. Lakini tukumbuke kwamba katika umri wetu karibu na ncha za mifupa bado kuna gegedu, na hapo ndipo mfupa hukua. Kuumia hapo si sawa na kuumia kwa mtu mzima. Kama ni lazima ubebe, beba na mwenzako, na usikubali kushindana eti nani dume. Mashindano hayo hushinda broka peke yake.

Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, tukimwona mama amejitwika mukwa njiani, tusicheke na tusimpigie makofi. Tumpishe njia, na tukiweza tumpokee sehemu ya mzigo. Kisha tuwaulize wakubwa wetu swali moja bila kuchoka: mzigo huu ni kilo ngapi, na nani aliyeamua?