Maneno ya Kiingereza: Mikono ya Pilato na Mlinzi wa Mkate

Mwezi huu twapenda kueleza maneno kadha wa kadha ya Kiingereza yaliyotoka katika Maandiko yakaingia barazani mwa wakubwa. Asiyeyajua huweza kujidhuru, tena huweza kumdhuru jirani yake. Nasi twaanza na kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa tungali vijana katika kazi ya ualimu, mjane mmoja alituletea barua ya Kiingereza iliyotoka katika ofisi moja, kwa habari ya mpaka wa shamba aliloachiwa na mumewe. Kila neno la barua ile tulilijua. Mliandikwa ndani yake ya kuwa ofisi "has washed its hands of the matter". Tukafasiri neno kwa neno: ofisi imenawa mikono. Tukafikiri, mtu hunawa akiisha kazi. Basi shauri limekwisha vema. Tukamwambia, "Mama, tulia, umeshinda." Akashukuru, akatuletea mayai.

Baada ya miezi miwili jirani akaanza kulima ndani ya mpaka. Mwalimu mmoja mzee alipoisoma barua akatikisa kichwa, akasema, "Hawa hawakumaliza kazi, wamejitoa. Wamefanya kama Pilato." Mama yule hakuwa na budi kulipeleka shauri lake upya mahali pengine, na mvua za mwaka ule zikampita pasipo kupanda. Hakutulaumu hata kwa neno moja. Lakini mayai yale twayakumbuka mpaka leo.

Habari ya Pilato mwaijua; imo katika Injili ya Mathayo, sura ya 27. Liwali yule alikuwa na uwezo wa kumfungua Bwana, asifanye hivyo, akataka maji, akanawa mbele ya mkutano. Kwa sababu hiyo Mwingereza asemapo "I wash my hands of it", maana yake ni hii: sitaki kulaumiwa, jambo hili si langu tena. Hata katika Kiswahili watu husema fulani amenawa mikono kwa maana iyo hiyo. Ila siku ile mawazo yetu yalikuwa penye chakula, hayakufika Yerusalemu.

Je, maneno ya namna hii yalifikaje vinywani mwa Waingereza? Mengi yalipita katika mkono wa mtu mmoja, William Tyndale. Siku zake haikuwa ruhusa kufasiri Maandiko kwa Kiingereza pasipo idhini ya maaskofu. Mwaka 1524 akaiacha nchi yake, na mwaka 1526 Agano Jipya alilolifasiri kutoka Kiyunani likapigwa chapa mjini Worms, Ujerumani. Vitabu vikaingizwa Uingereza kwa siri, na wakubwa wakavichoma moto London. Tyndale alikamatwa Antwerp mwaka 1535. Mwaka 1536 akanyongwa, na mwili wake ukateketezwa. Walakini hata miaka mitatu haikutimia, na mwaka 1539 ikapigwa chapa Biblia kubwa ya Kiingereza ya kuwekwa makanisani, kwa idhini ya Mfalme Henry VIII, na ndani yake mlikuwa na kazi nyingi ya Tyndale. Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1611 nao waliyachukua maneno yake mengi.

Basi tazameni ajabu hii. Mtu aliyeuawa na wenye mamlaka ndiye aliyewapa Waingereza jina la kuwaitia wenye mamlaka, yaani "the powers that be". Alilitumia katika Waraka kwa Warumi, sura ya 13. Siku hizi mtu hulisema, mara nyingi kwa mzaha kidogo, akitaka kutaja wakubwa wenye kauli pasipo kuwataja majina. Walimu waangalie neno "be" hapa. Ni sarufi ya kale, mahali pa "are". Mtoto akiliandika hivyo katika msemo huu, msimsahihishe. Akiliandika hivyo katika sentensi nyingine, msahihisheni.

Neno la pili la Tyndale ni "scapegoat", alilolitunga katika tafsiri yake ya mwaka 1530. Someni Mambo ya Walawi, sura ya 16. Walikuwapo mbuzi wawili: mmoja alichinjwa, wa pili akatwikwa dhambi za watu, akapelekwa jangwani akiwa hai. Neno hili lamtaja yule wa pili, aliyekwenda zake. Kwa hiyo tusemapo "mbuzi wa kafara" twakaribia maana, lakini hatuifikii kamili. Mali ya chama ikipotea, na wakubwa wote wakamtupia lawama karani mdogo asiyeshika ufunguo, karani huyo ndiye "scapegoat".

Kitabu cha Danieli kimetoa misemo miwili. Katika sura ya 5, mkono uliandika ukutani wakati wa karamu ya mfalme Belshaza, na usiku ule ule akauawa. Kwa hiyo "the writing on the wall" ni dalili ya anguko ambayo kila mwenye macho aweza kuiona. Katika sura ya 2 imo habari ya sanamu ya kichwa cha dhahabu, ambayo nyayo zake zilikuwa nusu chuma na nusu udongo. Mtu mkuu akisemwa ana "feet of clay", maana yake ana udhaifu ambao watu waliomsifu hawakuujua. Mfinyanzi hatukanwi hapa!

Sasa twafika kwenye neno la nyumbani. "Lord", yaani bwana, asili yake katika Kiingereza cha kale ni maneno mawili yenye maana ya mlinzi wa mkate. Na "lady", yaani bibi, asili yake ni mwenye kukanda mkate. Ukuu wao ulihesabiwa kwa chakula cha watu walio chini yao. Tena "minister" ni neno la Kilatini, maana yake mtumishi. Waingereza humwita hivyo mchungaji wa kanisa, na waziri wa Serikali vilevile. Msomaji atazame habari yenyewe, apate kujua ni yupi anayetajwa.

Ninyi mjuao Kiingereza kijijini, watu huwaletea barua zao kama mjane yule alivyotuletea yake. Huo nao ni ukuu, na mkate wa mtu umo ndani ya barua ile. Basi, mkiona maneno mnayoyajua yameleta maana isiyokaa sawa, simameni. Mwambieni mwenye barua, "Neno hili sijalielewa, ngoja nikaulize." Ni aibu ya dakika moja tu. Sisi tuliikwepa, na mama mmoja akakosa mavuno ya mwaka.

Jioni moja mwezi huu wazazi wawasomee watoto sura hizo tano tulizozitaja, kisha kila mtoto atunge sentensi moja ya Kiingereza kwa kila msemo. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza misemo ya Kiingereza iliyotoka katika mifano ya Bwana, na ya kwanza itakuwa ile ya talanta.