Projekta Siyo Wito Wangu

Nilikuwa nimewaahidi makala kuhusu hifadhidata, lakini hiyo itangoja. Jumapili nimetoka kanisani na jambo linalonikereketa, na nisipoliandika leo nitalala nalo.

Ilikuwa ibada ya vijana na mada ilikuwa vipaji. Mhubiri alituita mmoja mmoja tuseme tunapenda nini na tunamtumikiaje Mungu kwa kitu hicho. Mwimbaji alikuwa na jibu lake tayari, mpiga kinanda pia. Zamu yangu ilipofika nikasema napenda kuandika programu za tarakilishi. Kimya kidogo. Kisha mhubiri akatabasamu: "Bwana asifiwe! Ndiye huyu hutusaidia na projekta!" Makofi. Akaongeza kwamba ingefaa nimtengenezee Bwana programu ya simu ya kutuma mstari wa Biblia kila asubuhi. Nikaketi.

Sina ugomvi na projekta. Mtu lazima aiwashe. Ugomvi wangu ni na hesabu iliyo nyuma ya makofi yale: kwamba saa arobaini na zaidi ninazokaa mbele ya tarakilishi kila wiki ni zangu na mwajiri wangu, na zile dakika tisini za Jumapili ndizo za Mungu. Kwamba nikitaka kazi ninayoipenda ikutane na imani yangu, ni lazima niibandike msalaba juu. Hiyo naiita imani ya stika. Matatu inaweza kuandikwa jina la Yesu kioo kizima cha nyuma na breki zake ziwe zimekwisha. Abiria anayeteremka mlima anahitaji breki.

Acha niwaambie imani yangu na kazi yangu zilikutana wapi kweli, na haikuwa kanisani.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja ya mikopo, jina nitalihifadhi. Usiku mmoja nilikuwa nakagua sehemu inayokokotoa deni. Sheria ilikuwa rahisi: zidisha mkopo kwa 1.1, yaani riba ya asilimia 10, kisha kama kuna senti zimebaki, pandisha hadi shilingi nzima. Chukua mfano mdogo, mkopo wa shilingi 100. Mtoto wa shule ya msingi atakwambia deni ni shilingi 110. Programu yetu ilisema 111.

Wanaoandika programu wameshacheka. Kwa wengine, maelezo ni haya. Tarakilishi huhesabu kwa sifuri na moja, na kwa mtindo huo haiwezi kuandika 1.1 kamili, kama vile sisi tusivyoweza kuandika theluthi moja kwa desimali bila 3 kuendelea hadi kesho. Kwa hiyo huweka namba iliyo karibu sana. Ukizidisha 100 kwa namba hiyo unapata 110.00000000000001. Kile kipande cha mwisho si kitu, ni vumbi. Lakini programu yetu iliambiwa ipandishe chochote kilichobaki, ikaona vumbi, ikapandisha. Shilingi moja. Si kwa kila mkopo, kwa baadhi ya viwango tu, lakini kila siku, na siku zote kwa upande wetu.

Nilimwendea mkubwa wangu asubuhi. Akasikiliza, akacheka. "Wacha hiyo bwana, ni shilingi moja. Nani atajua?" Na ni kweli, hakuna mkopaji ambaye angejua. Mama anayekopa mtaji wa nyanya alfajiri na kulipa jioni hana nafasi ya kubishana na simu.

Nilinyamaza miezi mitatu. Naliandika hili bila kujipamba. Miezi mitatu nilijua, na kila Jumapili katika miezi hiyo niliwasha projekta na kupigwa bega, "Mungu akubariki kijana wetu, unamtumikia." Hakuna aliyeniuliza Jumatatu nilikuwa naandika nini. Na mimi nilifurahi sikuulizwa.

Kilichonivunja ni Amosi, sura ya 8. Pale nabii anawakaripia wafanyabiashara ambao hawavunji Sabato. La, wanaishika! Wanaketi wakiisubiri iishe ili wakafungue ghala, wapunguze kipimo, wapandishe bei na kuchezea mizani. Nilipofika hapo niliifunga Biblia. Nilikuwa nimejisoma mwenyewe, na mizani nilikuwa nimeiandika kwa mikono yangu.

Siku iliyofuata nilirekebisha: fedha zote zikahifadhiwa kwa senti nzima, bila desimali. Nilitumia mchana mmoja. Nikaomba pia wakopaji warudishiwe zile shilingi. Nikaambiwa litaangaliwa. Hadi nilipoacha kazi lilikuwa bado linaangaliwa.

Sasa mhubiri wangu, niambie. Kati ya mchana ule na ile programu ya mstari wa asubuhi, ni wapi shauku yangu iliguswa na imani? Nami sikatai kwamba ni shauku. Napenda kazi hii hadi chai inapoa mezani. Ni kupenda huko kulikonifanya nikague kitu ambacho hakuna aliyeniagiza kukikagua.

Kuna mzee mmoja nawatamania vijana wetu wamjue, Donald Knuth wa chuo kikuu cha Stanford. Ni Mlutheri, na vitabu vyake kuhusu sanaa ya kuandika programu vilianza kutoka mwaka 1968. Mwaka 1977 alipoona kurasa za toleo jipya la kitabu chake zilivyopangwa vibaya na mitambo ya chapa ya wakati huo, alichukizwa, akaanza kutengeneza programu yake ya kupanga maandishi, TeX, akaigawa bure. Hadi leo wanahisabati wa kila dini na wasio na dini huiandikia karatasi zao. Haina msalaba popote. Alitoa kitabu kuhusu Biblia pia: alichukua sura ya 3 mstari wa 16 wa karibu kila kitabu, kama mtakwimu anayechota sampuli, akawaita mabingwa wa hati nzuri waiandike. Lakini jambo ninalompendea zaidi ni hundi. Ukipata kosa katika vitabu vyake, anakulipa dola 2.56, yaani senti 256, namba ambayo watu wa tarakilishi wataielewa. Mtu anayelipa wanaomwonyesha makosa yake! Sisi kanisani tunaita hilo kutubu na tunaliogopa. (Tangu 2008 hutoa cheti badala ya hundi, na watu bado wanakigombania.)

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshalipata: Bezaleli. Mungu alimjaza roho na ustadi wa dhahabu, mbao na vito, lakini alikuwa anajenga hema la kukutania. Kwa hiyo kipaji ni cha hekalu. Sawa. Na Paulo je? Kule Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, na hayakuwa ya ibada. Waliuza kwa yeyote mwenye pesa, na hema linalovuja lingevuja hata kama fundi wake ni mtume.

Upande wa pili nao usidhani nimewasahau, ninyi wa semina za "fuata shauku yako, ndiyo sauti ya Mungu." Aliyeandika ile hesabu ya riba kabla yangu alikuwa na shauku kuniliko. Shauku haikumwonyesha ile shilingi.

Kwa hiyo mchungaji, ninaomba kitu kimoja. Mara nyingine ukituita mbele, muulize mwashi kama simenti ni ile iliyolipiwa. Muulize mhasibu kama vitabu anavyo viwili. Niulize mimi programu yangu inampendelea nani senti zinapobaki. Tutaaibika, lakini tutakuwa tumeongea kuhusu Mungu.

Zamu yangu ya projekta ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Nitafika saa mbili kama kawaida, na waya wa ziada nitabeba, ule wa zamani umeanza kukata.